Baridi Ikizidi

Watu wakiniuliza nilisomea nini, siku hizi nawajibu "mambo ya maji," nao wanadhani mabomba. Nawaachia. Zamani nilikuwa naeleza. Nilikuwa nasema nimesomea virusi vinavyoishi katika bahari ya barafu, huko kaskazini kabisa, na jinsi vinavyobadilika majira kwa majira. Hapo mtu anauliza kwa sauti ya chini kama vinatibika. Miaka ile ya tisini neno virusi mjini Arusha lilikuwa na maana moja tu, na kwa maana hiyo tulikuwa tunazika kila wiki. Nani angeamini kwamba wazungu wamemlipia mtoto wa mlimani nauli, chakula na makoti mazito, eti akahesabu virusi vya baharini ambavyo havimuumizi mtu yeyote?

Baba yangu aliamini, kila neno, na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha umma pale mjini. Aliingia akiwa kijana akitegemea kutoka akiwa mzee, kwa sherehe na soda. Soko huria lilipofika, kiwanda kikapata mwenyewe, na huyo mwenyewe hakuwa na haja na mafundi wa zamani. Wakapunguzwa kwa mkupuo, wakapewa kiinua mgongo, kila mtu akaenda kwao. Baba akarudi kihambani, mlimani juu ya barabara ya Moshi, kwenye migomba na mibuni aliyoachiwa na babu. Nayo kahawa ilikuwa imeanguka bei hadi majirani walikuwa wanaing'oa na kupanda nyanya. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki kumwangalia ni shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuwa anapanda kutoka Nduruma kila Jumamosi na kikapu cha mboga.

Nilikuwa bado sijasafiri, kwa hiyo nilimwona akizimika kwa macho yangu. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha turubai, uso umeelekea mgombani, tangu chai ya asubuhi mpaka jua linashuka. Ukimwamkia anaitika. Ukimpa loshoro anakula. Ukimwambia bomba la njiani limepasuka, yeye aliyekuwa anafungua mtambo mzima na kuufunga tena, anakujibu kwamba watakuja kulitengeneza. Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Nilitamani anywe, atukane, avunje sahani, afanye chochote. Shangazi alikuwa anasimama mlangoni anamtazama, kisha ananiambia pembeni, "Mdogo wangu amekufa amekaa."

Kuku ndio waliomwinua. Miaka ile kila mtu alikuwa anafuga. Mwalimu anafuga, nesi anafuga, mchungaji anafuga. Ukipita Kijenge au Kimandolu asubuhi, kila ua una kelele zake. Watalii walikuwa wameongezeka, mahoteli yanataka mayai, na vifaranga wa wale kuku wekundu wa kisasa walikuwa wanashushwa stendi kwenye maboksi yenye matundu, watu wanagombania. Baba akainuka siku moja akavaa ovaroli yake ya kiwandani. Kiinua mgongo chote akakimwaga kwenye banda.

Na alijenga kifundi. Maji yalikuwa yanatoka kwenye pipa juu ya paa yanapita kwenye mipira na kudondokea katika mabirika yaliyojizuia yenyewe yakijaa. Sakafu ilikuwa na mteremko wa kupitisha maji ya kuoshea. Aliweka madirisha yenye mapazia ya magunia, unavuta kamba moja yote yanapanda. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kulitazama lile banda, naye anawatembeza mikono ikiwa nyuma, anapiga mluzi. Alianza kula vizuri. Alianza kunigombeza tena, nikafurahi. Shangazi na mimi hatukuhitaji kuambizana: kuku wale wakifa, baba anarudi kwenye kiti, na safari hii hainuki.

Nikasafiri roho ikiwa imetulia. Mayai yake alikuwa anayapeleka Kijenge kwa mzee mmoja wa Kirangi, Mwislamu, rafiki yake wa tangu ujana walipopanga nyumba moja mjini. Mzee yule alikuwa na duka la jumla, na dukani kulikuwa na simu. Tulipatana kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mchana, baba baada ya ibada ashuke Kijenge akae karibu na simu, nami nipige. Zilikuwa dakika chache tu, nusu yake inakwisha kwa kuamkiana.

Krismasi ya kwanza nikapata nauli ya kurudi. Tulikuwa jikoni kwa sababu ya moto, baba, shangazi na mimi, ndipo baba akaniuliza swali ambalo hata profesa wangu hakuwahi kuniuliza kwa uzito ule. "Hebu mama, tuambie. Ukiamka asubuhi kule baharini unaangalia nini hasa?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba tunakwenda na mashua mpaka kwenye ukingo wa barafu, au tunatoboa barafu yenyewe, tunateka maji kwa chupa nzito inayojifunga ikifika chini. Maji yale tunayachuja kwenye karatasi laini, tunayatia rangi, tunayaweka kwenye hadubini, na pale ndipo virusi vinaonekana, vidoti vya kijani kama unga uliomwagika kwenye kaniki. Kijiko cha chai cha maji hayo kinaweza kuwa na virusi vingi kuliko watu wa mkoa wetu wote. Shangazi akasema toba, hatakula samaki tena. Nikamwambia havimhusu mtu wala samaki, vingi ni vya viumbe vidogo mno, na kila aina ya kirusi ina mwenyeji wake. Hakiingii kwa mwingine.

"Kila mmoja na nyumba yake," baba akasema.

"Kila kimoja na nyumba yake. Sasa huko, Baba, majira hayafanani na ya kwetu. Wakati wa baridi jua haliji kabisa. Siku zinapita ni giza tu. Ile mimea midogo ya baharini, ambayo ndiyo majani ya malisho ya huko, haikui bila jua. Wenyeji wanakuwa wachache, na virusi navyo vinapungua. Vingine vinaingia ndani ya mwenyeji, havimuui, vinatulia humo vinangoja."

"Kama mpangaji asiye na haraka."

"Ndiyo. Kisha jua linarudi, barafu inayeyuka, mimea inalipuka kwa kukua mpaka maji yanabadilika rangi. Lakini haikui yote sawa. Kuna aina moja inatangulia, inajaa kila mahali. Hiyo ndiyo inayokutwa na kirusi chake kila inapogeuka. Inapasuliwa, inaporomoka, na zile aina zilizokuwa nyuma zinapata nafasi. Ndiyo maana maji yale yana viumbe vya aina nyingi namna ile. Hakuna anayeachiwa atawale. Na virusi vya kiangazi si vile vya wakati wa giza, vinapokezana."

Baba akachokonoa moto. "Kwa hiyo anayestawi kuliko wenzake ndiye anayefuatwa. Hao wadudu wako wana wivu."

"Si wadudu, Baba. Na hawana wivu."

"Wana wivu," akasema, anacheka. Kisha akanyoosha kidole nje. "Bibi yako alichanganya migomba kihamba kizima, ya kupika, ya pombe, ya kuiva, hakuna mistari. Mimi nilidhani ni uchafu tu." Nje kuku walikuwa wanatoa ile sauti yao ya kutulia, wote wekundu, wote wa kimo kimoja, wamejaa banda zima. Niliwasikia, naye aliwasikia, na tukaendelea kuota moto.

Kuanzia siku hiyo akaniharibia jina kwa sifa. Kanisani, mnadani, kwenye duka la mzee wa Kijenge, kote alikuwa anahubiri bahari ya barafu. Nilipita sokoni mama mmoja wa ndizi akaniita "daktari wa barafu" na kuniongezea chane nzima. Nilimwambia baba apunguze, ananitia aibu. Akaniambia alinisomesha ili aseme, sasa anasema.

Nikarudi kaskazini. Ilipofika Juni, kule ni wakati ambao jua halizami, linazunguka tu juu ya kichwa kama mtu aliyepoteza funguo. Tulikuwa tumetoka kwenye ukingo wa barafu na maji mengi ya kuchuja. Mimea ilikuwa imelipuka, na vidoti kwenye kioo vilikuwa vimejazana hata macho yananiuma kwa kuhesabu. Jumapili ya kwanza ikafika nikapiga simu Kijenge. Kwetu Juni ndiyo mwanzo wa ile baridi ya mlimani, ukungu unashuka asubuhi mpaka mchana na watu wanatembea na makoti ya mitumba.

Tukaamkiana. Nikauliza kuku, akasema wanataga vizuri mno. Kisha akasema, "Nikuulize kitu cha kazi yako."

Nilifurahi jamani. Kwenye simu hakuwahi kuniuliza kazi. Alikuwa anauliza kama nakula, kama nasali. Nikamwambia uliza Baba.

"Huko kwako, baridi ikizidi, wale wadudu wako wanafanyaje?"

"Wanapungua, Baba." Nilikuwa nimeshachoka kumsahihisha wadudu. "Baridi ikizidi na giza likiingia, wanapungua sana."

"Wanapungua."

"Wanabaki wachache tu."

"Wanabaki wachache tu," akarudia kwa sauti kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya wazee kwenye simu. "Haya mama. Mungu akulinde."

Sikumwuliza kwa nini anauliza. Nilirudi kwenye hadubini yangu na furaha ya kitoto, baba ameuliza kazi yangu, na siku ile nilihesabu mpaka jioni bila kusikia njaa. Julai hatukuongea, mstari ulikuwa mbovu, nikajaribu weee, nikakata tamaa. Agosti nikapata likizo nikaja nyumbani.

Nilijua kabla sijafungua geti. Nyumba yetu ilikuwa na kelele tangu lile banda lijengwe, na sasa nilikuwa nasikia migomba tu inavyopigwa na upepo. Milango ya banda ilikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imemwagwa chokaa. Baba alikuwa kwenye kiti cha turubai.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umekonda." Na akarudisha uso mgombani.

Shangazi ndiye aliyenisimulia, jikoni, huku anamenya ndizi kwa hasira. Ulikuwa mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa kideri. Uliingia katikati ya Julai, kwenye ule ukungu mzito. Pale kanisani kwetu watu huleta sadaka ya kuku, ndizi, maziwa, na baada ya ibada vinapigwa mnada. Mwenye uwezo ananunua, na mara nyingi anarudisha kitu kile kile kipigwe mnada tena. Baba alikuwa na desturi ya kurudisha. Jumapili ile mjane mmoja alileta jogoo, na watu wakalipuuza lile jogoo kwa sababu limenyong'onyea, hakuna aliyetaja bei. Baba akaona aibu ya mjane. Akanunua, na asingeweza kurudisha maana hakuna ambaye angenunua tena, akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Aliliweka kwenye tenga nyuma ya banda.

"Siku chache tu," shangazi akasema. "Wakaanza kuhara kijani. Shingo zinapinda, wanazunguka kama walevi. Asubuhi ukifungua wamelala wamerundikana. Watu walikuja kutoa pole, wakataka tuchinje waliobaki tugawane, si unajua tena. Baba yako akakataa. Akachimba shimo peke yake, akawachoma wote, na wale wenye uhai. Halafu akaja akakaa pale."

"Lakini walikuwa na chanjo."

"Chanjo ya marudio ilikuwa ya Juni. Hakuchanja."

"Kwa nini?"

"Muulize. Mimi nimeuliza mpaka mdomo umekauka."

Nikaenda nikamwuliza. Akasema, "Nilichelewa." Nikamwuliza kama dawa ilikosekana mjini, maana ulikuwa wakati wa mgao wa umeme na friji za maduka ya mifugo zilikuwa zinazima kila siku. Akasema alichelewa tu. Mtu ambaye alikuwa ananigombeza kwa kuchelewa dakika mbili kwenda shule! Nikajua anamficha mtu, na huyo mtu ni muuza chanjo. Kesho yake nikateremka mjini nimejaa, nimepanga maneno ya kumtolea uvivu mbele ya wateja wake wote.

Nilipitia kwanza Kijenge kumsalimu mzee wa simu, nilikuwa nimemletea shali ya sufu. Alinikaribisha, akaagiza kahawa, akanipa pole za kuku kwa urefu, na pole za baba. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Ila Mungu ndiye mpangaji. Maana baba yako alijitahidi kuuliza. Ile siku ya simu alikuwa anarudia kila neno lako kama mtu anayesoma risala. Wanapungua. Wanabaki wachache tu. Alipoweka simu akaniambia, umesikia? Mtoto amesema baridi ikizidi wanapungua. Basi chanjo naingojea mpaka baridi ipite, wakianza kuongezeka ndipo nichanje, iwakute."

Kikombe nilikiweka chini. Mzee aliniona uso, akaacha kusema. Alikuwa mtu mwelewa. Aliangalia simu, akaniangalia mimi, na nikaona na yeye anaelewa pale pale.

Kwa muuza chanjo sikwenda. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka lile nikiangalia watu wanavyopita na trei za mayai. Nilitafuta uongo katika nilichosema, sikuuona. Ningeulizwa vile vile na profesa wangu ningejibu vile vile. Kule baharini vinapungua baridi ikizidi, ni kweli tupu. Lakini si baridi inayovipunguza. Vinapungua kwa sababu hakuna wa kumwingia. Baridi yenyewe haiviui, inavitunza. Sisi wenyewe kule maabara sampuli tunaziweka kwenye barafu ili zisiharibike. Na katika banda la baba wenyeji walikuwa tele, bega kwa bega, mama mmoja baba mmoja, na ukungu wa Julai unamtunzia mgeni wake. Hata lile la kungoja waongezeke iwakute, alilitoa kwangu, kwenye moto wa jikoni. Laiti angeniambia anaulizia kuku, ingenichukua pumzi moja tu kumjibu. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa kuniamini vile, na hasira ile sijui hata leo imekwisha au imelala.

Nikapanda mlima nikamkuta pale pale. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake ili asitazame mgomba.

"Baba, mimi nilikuwa naongelea bahari."

Alijua mara moja nimetoka wapi. "Najua."

"Si baridi inayowaua. Ni njaa. Wakikosa mwenyeji wanapungua. Wakimpata, baridi haiwafanyi kitu."

Akafikiri. Uso wake ukawa ule wa zamani, wa fundi anayeonyeshwa nati iliyolegea. "Kwa hiyo baridi inawatunza."

"Ndiyo."

"Kama nyama kwenye friji ya bucha."

"Kama nyama kwenye friji ya bucha."

"Ungeniambia hivyo ningeelewa," akasema. Hakusema kwa kunilaumu, alikuwa anazungumzia mtambo tu. Kisha akasema, "Hili usimwambie shangazi yako. Wala mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Nimeshawaambia watu habari zako nyingi."

Nilimwomba aanze upya. Nilimwambia nitamsaidia, tutachanganya, kuku wachache, bata, mbuzi, wasiwe wa aina moja. Aliitika ndiyo kwa kila nilichosema kama alivyokuwa akiniitikia kabla ya kuku. Ovaroli ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango na haikushushwa tena. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka getini, si mpaka barabarani kama zamani.

Majira ya giza yakaingia kule kaskazini. Tulikuwa tunatoboa barafu kwa taa za kichwani, tunateka, tunachuja, nakaa kwenye hadubini, na kila mara vidoti vinapungua. Kila nilichomwambia kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu. Wenzangu walikuwa wanafurahia michoro yetu inavyoshuka vizuri, nami nilikuwa naitikia. Nikimpigia simu baba alikuwa anauliza kama nakula na kama nasali. Kazi hakuiuliza tena.

Baridi ya kwetu iliyofuata, Julai, mzee wa Kijenge ndiye aliyenipigia. Alikuwa hajawahi kunipigia. Baba aliinuka kwenye kiti kwenda chooni akaanguka mgombani; hospitali wakasema presha. Shangazi yeye alisema alikuwa ameshakufa tangu mwaka jana, sasa tunazika tu. Nilifika siku moja kabla ya maziko.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maturubai. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mzee wa kanisa, jirani yetu, mtu mchangamfu asiyeweza kusoma karatasi mpaka mwisho bila kuongeza yake. Akasoma kuzaliwa, kipaimara, kiwanda, ndoa, watoto. Kisha akakunja karatasi.

"Ndugu zangu, huyu bwana alikuwa mwema lakini mbishi. Yeye mwenyewe alisimama kanisani kwetu, kuku walipoisha, akatushuhudia. Akasema, binti yangu alinipigia kutoka kwenye barafu. Akaniambia, Baba, baridi haiwaui wale wadudu, inawatunza kama nyama kwenye friji ya bucha. Chanja kabla ya ukungu. Mimi nikajifanya najua, nikangoja. Akasema, nyie mliosomesha watoto, wasikilizeni." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. "Na mwaka huu, mashahidi mpo, sote tumechanja Mei. Mabanda yetu yanalia."

Ilikuwa kweli. Hata pale msibani, ukinyamaza, ulikuwa unawasikia kuku wa majirani huko chini kwenye ukungu.

Sijui nilisimamaje. Ilipofika zamu ya neno la familia nilikuwa nimeandaa shukrani kwa waliochanga na waliopika. Nikasema, "Baba hakuwa mbishi. Aliniuliza. Aliniuliza kwenye simu baridi ikizidi wanafanyaje, nikamwambia wanapungua. Alifanya nilivyomwambia. Mimi sikumkataza kungoja."

Nikasikia wanawake nyuma yangu wanalia upya, mmoja anamwambia mwenzake, "Maskini, anamtetea baba yake." Mzee wa kanisa akanitazama kwa huruma nyingi. Shangazi akanivuta kitenge. "Kaa mama. Tumekuelewa. Kaa."

"Hamjanielewa."

Upande wa wanaume, kwenye viti vya mwisho, mzee wa Kijenge akainuka. Alikuwa na kofia yake nyeupe na ile shali ya sufu shingoni. Nikashukuru Mungu. Yeye alikuwepo. Yeye alisikia.

"Mimi si wa kanisa hili, mnisamehe," akasema. "Lakini simu ile ilipigwa dukani kwangu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu. Binti alimkataza." Akakaa.

Watu wakaitikia, ee, ee. Mchungaji akatoa wimbo, tukaenda makaburini, udongo ukatiwa, mashada yakawekwa, nami nikafanya yote niliyoelekezwa kufanya. Baada ya chakula nikamvizia mzee getini akiaga.

"Mzee, wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Sasa mbona umesema vile? Mtu wa dini kama wewe, mbele ya jeneza?"

Alichukua muda kukunja shali, macho yake mekundu. "Baba yako alikuja dukani kabla hajashuhudia kanisani kwake. Akanieleza atakachosema. Akaniambia, huyu mtoto ana kichwa kigumu, ipo siku atasimama aseme lile la kweli, na mimi huenda sitakuwepo. Siku hiyo useme wewe hili ninalosema mimi." Akanishika mkono. "Ile ni amana, mwanangu. Huko mbele nitakayeulizwa ni mimi, si wewe."